Nani Ametoka, Nani Hakutoka

Kwa Kiswahili mtu hatuishii kusema ameonekana kwenye picha. Tunasema ametoka. "Umetoka vizuri," tunaambiana huku simu ikizunguka mkono kwa mkono. Na yule aliyefumba macho, au aliyemezwa na kivuli cha mwenziwe, tunamwonea huruma: "Wewe hapa hukutoka." Ukikitafakari, kitenzi hiki kina shutuma ndani yake. Kinaichukulia picha kama mlango, na kinakiri kwamba kuna watu ambao mlango huo huwaacha ndani, gizani, wakati wenzao wamekwisha kutoka nje.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikizipima kamera mbili kwa kitenzi hicho. Ya kwanza ni Canon EOS 5D, iliyotangazwa Agosti 2005. Ya pili ni kitukuu chake, Canon EOS 5D Mark IV, iliyotangazwa Agosti 2016. Nimeziazima kwa wapiga picha wawili wa harusi hapa Dar es Salaam. Mmoja bado anaitegemea yake kila Jumamosi, mwingine yake imestaafu kabatini. Zote ni DSLR, yaani kamera za dijitali zenye kioo tumboni: mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda hadi kwenye jicho la mpiga picha, akibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu na mwanga unafika kwenye kihisi, kile kibamba kinachougeuza kuwa picha. Zinavaa lenzi za aina moja, kwa hiyo nilitumia lenzi moja tu, ya milimita 50, nikiivua huku na kuivika kule. Swali langu lilikuwa moja. Katika miaka 11 inayozitenganisha, ni nini hasa kilichoboreka, na kimeboreka kwa ajili ya nani?

Mijadala ya kamera kwa kawaida ina kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wahasibu. Hawa huchora safu mbili na kuanza kujaza: pikseli milioni 12.8 kwa ya zamani, milioni 30.4 kwa mpya. Picha 3 kwa sekunde, picha 7. Pointi 9 za kulengea fokasi, pointi 61. ISO ya kawaida inayoishia 1600, inayoishia 32,000. Ya zamani haipigi video hata kidogo. Mpya inapiga ya 4K. Safu ikijaa, wahasibu hufunga daftari na kuondoka, kwa sababu kwao mjadala umekwisha.

Kambi ya pili ni ya wapenzi wa kale. Hawa watakwambia 5D ya kwanza ina roho. Rangi zake, wanasema, zinakaribia filamu. Kamera za leo ni kompyuta zilizotobolewa tundu la lenzi. Wana mifano tele: machweo, mitumbwi, majani yenye umande, msichana dirishani saa moja asubuhi.

Nawaheshimu wote wawili, lakini sioni kama wanaijibu hoja. Wahasibu wanasahau kwamba hakuna mtu anayetundika pikseli ukutani. Picha ya kamera ya zamani ina pikseli 4,368 kwa 2,912. Ukiichapa kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, ambacho ndicho kipimo cha uchapaji mzuri, unapata karatasi ya sentimita 37 kwa 25 hivi. Hiyo ni kubwa kuliko picha nyingi za harusi zilizoko kwenye fremu za sebule zetu. Kama tatizo lingekuwa ukubwa, tatizo lilikwisha mwaka 2005. Wapenzi wa kale nao wanasahau kwamba mifano yao yote ina mwanga mzuri. Roho wanayoisifu inaonekana asubuhi na jioni. Sijamwona mmoja wao akileta picha ya bibi harusi saa nne usiku, ukumbini, chini ya taa za zambarau alizozichagua mpambaji.

Hata hivyo, tumpe mzee haki yake kwanza. Mwaka 2005, 5D ilikuwa DSLR ya kwanza yenye kihisi cha ukubwa kamili, milimita 36 kwa 24 kama fremu ya filamu, ndani ya mwili wa ukubwa wa kawaida. Kabla yake, kihisi cha namna hiyo kilikaa ndani ya madude makubwa ya wapiga picha wa mashirika. Bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 3,299. Si pesa ndogo, lakini ilikuwa chini ya nusu ya dola 7,999 ambazo kampuni hiyohiyo iliuzia kamera yake kubwa ya EOS-1Ds Mark II mwaka mmoja kabla. Kihisi kikubwa maana yake ni kwamba lenzi ya milimita 50 inaona kama milimita 50, na uso unatenganishwa na ukuta wa nyuma kwa ule ulaini ambao wateja wetu huuita "picha ya studio". Kamera hiyo ilishusha ngazi mpaka chini kidogo, na watu wengi wakapanda.

Ukiishika leo, kinachokushangaza ni ukimya wake. Vitufe ni vichache. Jioni moja inatosha kuijua yote. Skrini yake ya nyuma ina inchi 2.5 na nukta 230,000 tu, na rangi zake huwezi kuziamini: picha iliyokosewa inaonekana nzuri na iliyo nzuri inaonekana imepauka. Kwa hiyo unajifunza kutoitazama. Unasoma grafu ya mwanga, unarudi kwenye tundu la kutazamia, unaendelea. Na kwa kuwa inapiga picha 3 tu kwa sekunde, huwezi kummiminia mtu risasi ukitumaini mojawapo itampata. Unangoja. Unamtazama mpaka afike.

Mark IV, kwa upande wake, haingoji mtu. Skrini yake ina nukta zaidi ya milioni 1.6 na unaigusa kama simu. Inatuma picha hewani, inajua iko wapi duniani, inajitikisa vumbi kwenye kihisi kila unapoiwasha au kuizima. Hilo la vumbi si jambo dogo kwa mtu anayefanya kazi Dodoma mwezi wa Septemba; kamera ya zamani haina kabisa ufundi huo, na kila punje inayoingia ukibadilisha lenzi inageuka doa kwenye anga la picha.

Lakini zote mbili zina ulemavu mmoja wa ukoo, nao unapendeza kuutaja kwa Kiswahili. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera ya kioo inalo. Kioo kinapopanda, tundu la kutazamia linakuwa jeusi. Wakati pazia la shata linafunguka, mpiga picha haoni kitu. Kwa hiyo kile kipande cha sekunde kilichoingia kwenye picha ndicho kipande pekee ambacho mpiga picha hakukiona. Alichokiona ni kabla, na baada. Katikati aliiachia mashine. Ndiyo maana ni muhimu kujua mashine hiyo inafikiria nini kuhusu mtu aliye mbele yake.

Na kamera hufikiria, kwa maana ya kwamba ina dhana. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani hakijui kuwa kile ni kitambaa na hiki ni shavu. Kinapokea mwanga unaorudi na kuukadiria, na kwa desturi ya muda mrefu makadirio hayo yamejengwa juu ya wazo kwamba dunia, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikikutana na kitu cheupe sana, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza. Kikikutana na cheusi sana, kinadhani mwanga umepungua, kinauongeza.

Sasa fikiria bibi harusi mweusi ndani ya shela nyeupe, amesimama mbele ya pazia jeupe la ukumbi. Sidhani kuna mtihani mgumu zaidi ambao kamera inaweza kupewa, na sisi tunaipa mtihani huo kila wikiendi. Weupe umejaa fremu. Kipimo kinaupunguza mwanga ili kuiokoa shela. Shela inaokoka, kila ushanga unahesabika. Uso unazama. Nyumbani kwetu zipo albamu nzima za namna hiyo, ambazo ukizifunua unaona gauni zuri limesimama peke yake, na juu ya gauni kuna meno.

5D ya mwaka 2005 inapima mwanga kwa kuigawa fremu katika maeneo 35, na kipimo hicho hakioni rangi. Kinaona tu kiasi. Kwake yeye, ngozi ya kahawia kwenye taa ya njano na ukuta uliofubaa vinaweza kuwa kitu kimoja. Mark IV inapima kwa kihisi kidogo cha pembeni chenye pikseli 150,000 kinachosoma rangi, na kinaweza kubaini kuwa pale kuna uso. Hii ndiyo namba ambayo wahasibu wengi huiruka, kwa sababu haiandikwi kwenye boksi kwa herufi kubwa. Kwangu ni kubwa kuliko pikseli zote milioni 30. Ni tofauti kati ya mashine inayomwona mtu kama kiasi cha mwanga na mashine ambayo angalau imeambiwa kwamba watu wapo.

Swali la nani kamera imeandaliwa kumwona halikuanza na dijitali. Tangu miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi za mfano zenye sura ya mwanamke mweupe, ili mafundi wasawazishe rangi kwa kumtazama yeye. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, kazi imetoka sawa. Lorna Roth, msomi wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, aliandika mwaka 2009 juu ya historia hiyo, na sehemu inayochoma zaidi ni ile ya namna mabadiliko yalivyokuja. Kwa mujibu wa utafiti wake, miongoni mwa waliosukuma kampuni iboreshe uwezo wa filamu kuonyesha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri kwenye matangazo. Meza ilisikilizwa. Keki ilisikilizwa. Darasa lenye watoto weupe na weusi kwenye benchi moja lilikuwa limengoja miaka yote hiyo.

Kihisi cha dijitali hakikurithi kemia ya filamu, na nisingependa kuibebesha 5D dhambi za Shirley. Isitoshe, kwenye mwambao wetu kulikuwa na watu walioujua ufumbuzi siku nyingi. Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na studio za namna yake, zenye taa zinazosogezwa kwa mkono na fundi mwenye subira, ziliwatoa watu wa kila rangi ya pwani. Fundi hakuingoja mashine iwe na haki. Alisogeza taa. Lakini taa ya kusogezwa inahitaji studio, na maisha yetu mengi hayatokei studio. Yanatokea ufukweni, kijiweni, ukumbini. Huko ndiko nilikozipeleka kamera hizi.

Coco Beach, saa saba mchana. Mama muuza mihogo amekaa chini ya mwavuli. Nyuma yake bahari inawaka kama bati jipya. "Mama, naomba nikupige picha." Akajibu bila kuacha kukaanga: "Nipige mwanangu, ila nitoke." Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu makala hii.

Nikapima mwanga kwa ajili ya bahari, kwa makusudi, kisha nikapiga picha hiyohiyo kwa kamera zote mbili. Kwenye skrini, zote zilionyesha kitu kimoja: bahari nzuri, mwavuli mzuri, na chini yake kivuli chenye umbo la mwanamke. Tofauti ilijitokeza usiku, kwenye kompyuta, nilipoyafungua mafaili ghafi na kuanza kukivuta kivuli kije juu. Kwenye picha ya mwaka 2005, uso ulikuja, lakini ulikuja na chenga. Mistari myembamba ilikatiza shavuni, na weusi wa ngozi ukaingiwa na uzambarau ambao Mama hakuwa nao. Kwenye picha ya Mark IV uso ulipanda ukiwa mzima: kahawia yenye joto, jasho juu ya mdomo, mikunjo miwili kando ya jicho inayojikunja akicheka. Alikuwamo muda wote. Kamera moja ilikuwa imemhifadhi, nyingine ilikuwa imemkisia.

Maabara ya DxOMark, inayopima vihisi vya kamera, iliipa 5D takriban stopu 11 za upana wa mwanga, na Mark IV zaidi ya stopu 13 na nusu. Stopu moja ni mara mbili ya mwanga, kwa hiyo tofauti ya stopu mbili na nusu maana yake kamera mpya inaweza kushika kwa pamoja mwanga na giza vilivyoachana kwa zaidi ya mara tano ya vile mzee anavyoweza. Sababu yake ni ya kifundi na inapendeza. Kihisi hugeuza mwanga kuwa umeme, na umeme huo hugeuzwa kuwa namba. Katika kamera ya zamani, umeme husafiri nje ya kihisi kabla ya kugeuzwa, na njiani unaokota uchafu. Katika Mark IV unageuzwa palepale kwenye kihisi. Uchafu huo mdogo haudhuru sehemu zenye mwanga mwingi, kwani huko umeme ni mwingi na uchafu unazama. Unadhuru gizani, ambako umeme ni kidogo. Na gizani, kwenye picha zetu, mara nyingi ndiko walikokaa watu.

Naomba usiisome sentensi hiyo kama tamathali. Ni maelezo ya kifundi. Pale ambapo fremu ina anga jeupe, ukuta mweupe, shela nyeupe na mtu mweusi, mtu ndiye kivuli cha fremu. Uboreshaji wa kivuli ni uboreshaji wake yeye. Mtu ambaye uso wake ni miongoni mwa sehemu zenye mwanga zaidi kwenye picha anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba 5D ya mwaka 2005 inamtosha mpaka leo, na akashangaa kelele za nini. Anasema kweli. Anasema kweli yake.

Kijiwe cha kahawa Kariakoo, saa tatu usiku, balbu moja. Wazee watatu kwenye benchi: mmoja mweusi wa kiza, mmoja maji ya kunde, mmoja mweupe wa asili ya Kiyemeni. Hili ndilo benchi la Shirley, ila limehamia Kariakoo. Kamera ya zamani nikaifikisha ISO 1600 na kasi ya shata ya sehemu ya 30 ya sekunde. Fokasi ilitafutatafuta, ikienda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyepoteza funguo. Ikimpata mzee mweupe inatulia haraka; kwa mzee aliyekaa mbali na balbu ilinibidi nilenge ukingo wa kofia yake. Aliyeinua kikombe akatoka na mkono wa ukungu. Mark IV kwa ISO 6400 ikaniruhusu shata ya sehemu ya 125, mkono ukasimama, mvuke ukasimama, na nyuso tatu zikakaa kwenye fremu moja kila mmoja na rangi yake, bila mmoja kuilipia rangi ya mwenziwe.

Hapo ndipo wapenzi wa kale wangeniuliza: je, picha gani ni nzuri? Nitawajibu kwa haki. Kati ya picha zote nilizopiga kijiweni, ninayoipenda kuliko zote ni ya kamera ya zamani. Ni ya mzee mmoja peke yake, aliyegeukia balbu, na chenga zake zinafanana na hewa ya usiku ule. Niliipata kwa sababu nilingoja ageuke, na nilingoja kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Kizuizi kilinifundisha pa kusimama. Lakini picha hiyo ina mtu mmoja. Benchi lilikuwa na watatu. Uzuri wa kamera ya zamani ni uzuri wa kuchagua nani atoke, na mtu anayeusifu uzuri huo inafaa aulizwe wale wengine wawili wamekwenda wapi.

Upande wa pili, Mark IV imeleta mtego wake, na mtego huo nauona mkubwa kuliko wanavyokiri wahasibu. Upana wa mwanga umehamisha uamuzi. Zamani uamuzi ulifanyika mbele ya mtu: unamsogeza, unamgeuza, unampa mgongo dirisha, unamwomba bibi harusi apige hatua mbili aondoke kwenye pazia jeupe. Sasa uamuzi unaweza kungoja. "Nitarekebisha baadaye," anasema mpiga picha, na baadaye yake ni saa nane usiku, peke yake, mbele ya kompyuta, bila yule mtu. Kivuli kinachovutika juu kidogo kinavutika juu sana pia. Ndiyo maana siku hizi kuna aina mpya ya albamu, ambamo kila mtu ametoka, lakini ametoka rangi tatu mbele ya rangi yake. Mashavu yamesuguliwa mpaka hayana vinyweleo. Bibi harusi aliyeingia kanisani maji ya kunde anarudi nyumbani kwenye fremu akiwa rangi ya chai ya maziwa, na mama mkwe anauliza huyu ni nani.

Kamera ya zamani ilikuwa ikiwaacha watu gizani kwa kutokuwa na uwezo. Mpya inaweza kuwafuta kwa kuwa na uwezo mwingi. Makosa haya mawili hayalingani, na sitajifanya yanalingana: kwenye faili ghafi la Mark IV sura halisi bado ipo, mtu akiitaka anaipata, kwenye kivuli cha 5D kuna mahali ambapo hakuna cha kupata. Lakini kwenye ukuta wa sebule, mahali picha inapoishi, aliyezama na aliyepaushwa wote hawapo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mark IV ni kamera bora, na ubora wake haumo kwenye ukubwa wa picha wala kwenye wingi wa vitufe. Umo kwenye robo ya chini ya grafu ya mwanga, pale kushoto, mahali ambapo matangazo hayaonyeshi. Anayefanya kazi na watu wa rangi zetu, kwa mwanga tulio nao, ana sababu ya kuipendelea ambayo mpiga picha wa Stockholm au Tokyo huenda asiihisi kwa uzito huohuo. 5D ya kwanza ni mwalimu bora, na mwanafunzi akiipata leo kwa bei ya mtumba asione haya hata kidogo. Itamfundisha kungoja, kusogea, kumsogeza mtu kwenye mwanga. Akijifunza hayo, ayabebe mpaka kwenye kamera yake ijayo, kwa sababu kamera ijayo haitamdai.

Na kamera ijayo haitakuwa na kioo. Canon ilitoa EOS R isiyo na kioo mwaka 2018, na tangu EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 haijaleta kamera nyingine kubwa ya kioo. Ukoo huu wa DSLR umefungwa. Kinachobaki ni mazao yake, yaani miaka kama 15 ya harusi, mazishi, mahafali na mikutano ya siasa, yamelala kwenye diski ndani ya makabati yetu. Kipindi hicho ndicho watu wengi wa kizazi changu walipopigwa picha nyingi kwa mara ya kwanza, na ndicho kipindi ambacho nusu yetu hatukutoka.

Hapa kuna habari njema ambayo sijaiona ikisemwa vya kutosha. Faili ghafi si picha. Ni kumbukumbu ya mwanga uliofika kwenye kihisi siku ile, na kila programu mpya huisoma upya. Nilifungua mafaili ghafi ya mwaka 2007 ya yule mwenye kamera iliyostaafu, kwa programu ya leo inayosafisha chenga. Si nyuso zote zilizopatikana. Zile zilizokuwa kwenye giza la kati, ambazo wakati ule zilichapwa kama vivuli vyenye meno, zilikuja: shangazi aliyekaa safu ya tatu, mpishi aliyepita nyuma ya meza kuu na sinia, mtoto chini ya meza. Walikuwa wamengoja kwenye diski zaidi ya miaka kumi.

Diski hizo zinakufa. Zinakufa kimya kimya, kwa joto, kwa kuanguka, kwa kufutwa ili kupata nafasi ya harusi ya wiki ijayo. Kama wewe ni mpiga picha na unayo diski ya miaka ile, usifute mafaili ghafi ukabakiza JPEG zilizokwisha kuhukumiwa. Kama si mpiga picha, mtafute aliyepiga harusi ya wazazi wako, mwulize kama bado anayo. Mwulize wiki hii.